Herufi za Miraba Minane

Papa Ntumba alifariki mwezi uliopita huko Mwene-Ditu, na habari ilinifikia siku ya nne, akiwa amekwisha kuzikwa. Ilikuja kwenye simu, mstari mmoja wa binamu yangu katikati ya maneno mengine kuhusu umeme uliokatika. Nilikuwa mezani kwangu Lubumbashi nikichora skrini kwa ajili ya zahanati moja: mahali pa kubonyeza ikiwa mtoto ana homa, mahali pa kubonyeza ikiwa hana. Kazi hii sikuisomea popote. Niliianza Likasi, mwaka wa tisini na mbili, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndani ya sebule yenye televisheni moja, na aliyenifumbua macho ni huyo marehemu. Mwaka huohuo, kwa mkono aliouzoesha yeye, nilimfanyia jambo ambalo sijawahi kulisimulia likiwa zima. Nitalisimulia kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndicho kitu pekee nilichobaki nacho kutoka kwake.

Sebule ilikuwa ya Deo, kijana jirani yetu, aliyenizidi miaka sita. Avenue yetu ilikuwa ya nyumba za kampuni ya migodi, nyumba ishirini, kumi kila upande, zote na baraza moja, madirisha mawili na mlango wa chuma. Mashine ya michezo ilipatikana katika uporaji wa mwaka uliotangulia. Ilitoka katika nyumba ya Mzungu aliyekimbia, ikapita mikono mitatu, na hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Deo aliweka pazia zito dirishani, akapanga mabenchi mawili, akaniweka mimi mlangoni na saa ya mezani ili nihesabu dakika kumi za kila mchezaji. Nyuma, mama yake alipika sombe, majani ya mihogo, tangu saa tatu asubuhi, na harufu ya mawese iliingia ikachanganyika na harufu ya televisheni iliyopata moto. Michezo yenyewe ilikuwa ya Japani. Maandiko yake hakuna aliyeyasoma. Maneno machache ya Kiingereza yaliyojitokeza tuliyatafuna mpaka yakawa yetu: mtu akipoteza uhai wa mwisho na skrini ikaandika GAME OVER, tulisema amegemova, na neno likatoka sebuleni likaenda barabarani. Fundi aliyefukuzwa kazi alikuwa amegemova. Redio iliyokosa betri ilikuwa imegemova.

Papa Ntumba alikuja mara ya kwanza kumwita binti yake Béa aende kula. Béa alikuwa na miaka minane, na benchi la mbele lilikuwa lake. Baba yake alikuwa dessinateur kiwandani, yaani mchoraji wa ramani za mitambo na wa vibao: ni yeye aliyechora vile vibao vidogo chini ya kila saa na kila swichi katika chumba cha kuongozea mitambo. Mwaka huo kiwanda kilikuwa kinakufa kipande kwa kipande. Bado alikwenda kila asubuhi, shati limepigwa pasi, penseli mbili mfukoni, na kurudi saa sita bila kuwa amechora kitu. Siku ile alisimama nyuma ya mabenchi, akasahau kumwita mtoto. Sote tulimwangalia yule mtu mdogo wa kwenye skrini akikimbia na kuruka. Yeye aliangalia juu, pembeni, pale palipokuwa na mioyo mitatu myekundu, mstari wa kijani uliopungua na kisanduku chenye upanga.

"Nani alichora ile ya juu?" akauliza.

Deo akamwambia ni mashine.

"Mashine haichorake kitu. Kuko muntu alikaa chini, akafikiri."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Vijana walimcheka kwanza, wakamwita mwanafunzi mzee, wakampa benchi. Hakugusa vitufe hata siku moja. Aliniita mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa bure na saa yangu, akanifanyia mtihani. Mchezo mmoja ulikuwa na dirisha la buluu lenye ukingo mweupe, ndani yake mistari sita ya Kijapani. Nilichagua mmoja, mchezo ukaendelea. "Mado, weye unajua kusoma ile maandiko?" Nikasema hapana. "Lakini ulifinya pa muzuri. Juu ya nini?" Nikafikiri, nikasema kwa sababu pale palikuwa panawaka na kidole kidogo kilikuwa kinapaonyesha. "Njo ile," akasema, yaani ndiyo hiyo. "Ule muntu alikuandikia bila kuandika." Akanieleza kuhusu chumba cha mitambo: mfanyakazi anayemaliza zamu, macho mekundu kwa moshi, hana nafasi ya kusoma sentensi. Anapaswa kujua kwa rangi, kwa mahali, kwa urefu wa mstari. Kilicho hatari kinakaa peke yake. Vitu vya ukoo mmoja vinakaa karibu. Ukingo unasema: kilicho ndani ni maneno, kilicho nje ni dunia. Kwa miaka ishirini alikuwa amechora hivyo, na hakuna aliyemwambia kuwa ni usanii. Sasa alikuwa ameona kazi yake mwenyewe ikiwaka kwenye televisheni, imefanywa na mtu wa mbali asiyemjua, na sauti yake ilibadilika kidogo alipokuwa akinieleza, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao sokoni.

Kuanzia hapo nilikwenda kwake kila alasiri. Nyumba yao ilikuwa ya saba upande wa kushoto. Meza ya kulia ilikuwa pia meza ya kuchorea. Mama Agnès, mke wake, aliigawa kwa kitambaa: upande huu sahani, upande ule karatasi. Karatasi ilikuwa ya milimita, ile yenye miraba midogo ya rangi ya chungwa, aliyoletewa na shemeji yake mwalimu wa Mulungwishi. Mama Agnès alikuwa Musanga, mwenyeji wa Katanga, wa hukohuko Mulungwishi. Mume wake alikuwa Muluba wa Kasai, mkoa wa jirani, ingawa alizaliwa Likasi na baba aliyezaliwa Likasi. Waligombana juu ya bukari, yaani ugali, kwa miaka kumi na miwili. Yeye aliitaka ya unga wa mihogo, nzito na nyeusi kidogo. Mama aliitaka ya mahindi, nyeupe. Mwishowe mama alichanganya. "Mu hii sufuria kuko Kasai na Katanga," alikuwa akisema akisonga, "na hawapiganake." Tulikula na dagaa wa kapenta na matamba, majani ya viazi, mikono ikiwa safi kwa sababu ya karatasi, na baada ya kula tulihesabu miraba.

Kazi yetu ilikuwa kunakili herufi za skrini. Nilikaa mbele ya televisheni wakati hakuna wachezaji, pua karibu na kioo, nikihesabu nukta. Kisha nilizipeleka kwenye karatasi. Tuligundua kwamba kila herufi ilikaa ndani ya miraba minane kwa minane, bila kuzidi. Nilifurahi na ugunduzi huo nikachora alfabeti nzima kwa siku mbili, nikijaza miraba yote minane. Aliitazama akanirudishia. "Hizi herufi zako hazipumuake," akasema. "Weka saba. Ya munane ni ya hewa." Hewa ndilo neno lake. Mraba mmoja unaoachwa mtupu upande wa kulia ili herufi isiguse jirani yake. Mstari mmoja mtupu chini ili sentensi isikanyage sentensi. Alisema mtu asiyejua kazi anachora vitu, anayejua anachora hewa, vitu vinajikalia. Tulihangaika na M kwa wiki nzima, kwa maana miguu yake mitatu haitaki kuenea katika saba. Baadaye sana, nilipoanza kujisomesha kwa vitabu na kisha kwa kompyuta, nilisoma kwamba watengenezaji wa michezo ile walibanwa vivyo hivyo: kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, rangi zilikuwa chache, kila picha ilikatwa vipande vya miraba minane. Walichukua waliyoyajua kutoka kwenye karatasi, kwenye mabango, kwenye vibao vya mitambo, wakayabana mpaka yakaingia. Nilisoma nikiwa peke yangu, na nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba tulikuwa tumekisia sawasawa. Sikumwambia.

Tulitengeneza bango la ukutani kwa ajili ya sebule ya Deo: picha ya kila dirisha la kila mchezo, na mbele yake Kiswahili. Hapa ni kuanza, hapa ni kulinda, hapa ni kurudi. Mchezo mmoja wa mpira ulitushinda. Mistari yake yote ilikuwa ya rangi moja na ukubwa mmoja, na wachezaji walijikuta kila mara na timu wasiyoitaka. Papa Ntumba aliukasirikia kama mtu aliyetukanwa. Kisha akanifundisha kukata kiolezo, pochoir, kutoka kwenye karatasi ngumu ya ramani za zamani: herufi za miraba hukatika vizuri kwa wembe, ila A, O na zote zenye tumbo zinahitaji daraja, kipande kinachoshikilia sehemu ya ndani isianguke. Alinipa kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, la kiwandani. Tuliandika jina la sebule juu ya mlango wa Deo, na watu waliopita walisimama kusoma. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akisimama kwa sababu yangu.

Somo la mwisho ninalikumbuka kwa usahihi kuliko mengine yote. Kulikuwa na mchezo wenye mfuko wa vitu, visanduku kumi na sita. Béa alikuwa amejaza kumi na tano. Baba yake akaniuliza jicho langu limekwenda wapi. Nikasema kwenye kile kisicho na kitu. "Unaona," akasema. "Hakuna mwenye alikionyesha. Ukijaza pembeni yote, ile ya bure njo inapiga kelele."

Hiyo ilikuwa Julai. Mwezi wa nane mazungumzo ya sebuleni yalibadilika. Nilikaa mlangoni, kwa hiyo niliyasikia yakiingia. Mwanzoni ilikuwa habari za redio, zilizorudiwa kwa sauti ya chini: nani ameshika kazi zote, nani ameleta njaa. Kisha likaja neno bilulu, wadudu. Ndivyo walivyoitwa watu wa Kasai. Lilisemwa kwanza kwa kicheko, mtu akimtania rafiki yake kwenye benchi, na rafiki akacheka pia. Baada ya wiki moja hakuna aliyecheka, na rafiki hakuja tena. Béa aliacha kuja. Deo alichaguliwa kuwa kiongozi wa vijana wa avenue. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu anayependa mambo yaende. Sebuleni kwa mama yake, juu ya sahani ya sombe, nilimsikia akisema kwamba kule Kamatanda vijana wamevunja nyumba za watu wa hapahapa kwa kukosea, na kwamba sisi tulihitaji alama. Akanigeukia. "Mado, weye iko na mukono. Tuandikie."

Neno lilikuwa moja: MUKATANGA, mtu wa Katanga. Nilikata kiolezo usiku, kwa mshumaa, herufi tisa, A tatu zenye daraja, M iliyonisumbua na sasa ikatoka safi. Sitasema sikujua. Nilijua kwa ajili ya nini. Lakini nikikumbuka kwa uaminifu, nililokuwa nalifikiria zaidi ni nafasi kati ya T na A, ambayo huonekana kubwa hata ukiipima sawa. Asubuhi nilianza na mlango wetu, kwa kopo lilelile la kiwandani. Nikaenda wa jirani, nikaenda wa jirani yake. Watu walitoka na viti, wakanisifu, wakanipa maji. Walisema inaonekana kama ya serikali. Deo alitembea nyuma yangu akiwa na vijana wawili. Nilipofika mwisho wa upande wa kulia nikageuka kuangalia, na milango ilikuwa imepangana, neno moja kwa urefu mmoja, rangi moja, na nilijivunia. Nyumba mbili tu za upande ule zilibaki tupu. Nikavuka kwenda upande wa kushoto.

Mama Agnès alikuwa amesimama kwenye baraza yake, mikono ndani ya kitenge. Papa Ntumba alikuwa ndani. Niliona kiwiko chake juu ya meza. Nilikuwa nimekwisha kuandika nyumba ya sita. Nilitembea kuelekea ya nane.

"Mado," Mama Agnès akasema, "na kwetu?"

Nikasimama.

"Minye ni wa hapa. Weye unajua. Mama yangu alizikwa Mulungwishi. Andika kwetu."

Alisema kweli, na kila mtu pale alijua ni kweli. Nusu ya nyumba ile ilikuwa Katanga kwa kipimo chochote ambacho Deo angetaka. Ningeweka kiolezo mlangoni, ningepiga brashi mara tisa, na Deo angekasirika au asingekasirika. Nafikiri asingefanya lolote. Alikuwa amezoea kula kwao. Lakini nilihisi vijana wawili nyuma ya mgongo wangu, nikasikia mmoja akivuta pumzi ili aseme kitu, na nikasema mimi kwanza.

"Rangi ilishaisha, Mama."

Alitazama kopo. Kisha alinitazama mimi, akaingia ndani, akafunga mlango polepole bila kishindo. Nikaenda nyumba ya nane nikaandika. Nikaandika ya tisa na ya kumi. Jioni avenue yetu ilikuwa na milango kumi na mitano yenye neno na mitano isiyo na kitu, na mgeni yeyote aliyeingia, hata asiyejua kusoma, angejua mahali pa kwenda. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba sikuandika kitu kibaya juu ya nyumba ya mtu yeyote. Ni kweli. Milango ile mitano sikuigusa.

Walikuja siku ya tatu, saa nne asubuhi, vijana tusiowafahamu kutoka upande mwingine wa mji. Hawakuuliza njia. Deo hakuwa pamoja nao; alikaa sebuleni kwake na pazia limefungwa. Katika nyumba ya saba hakuna aliyepigwa. Waliwapa muda wa kubeba walichoweza, na mmoja wao, akimpokonya Papa Ntumba kiti mikononi, alimwambia kwa sauti ya kawaida, karibu ya upole, "Gemova, papa." Niliyaona hayo kutoka dirishani kwetu. Niliona karatasi za milimita zikitupwa nje na mtu akikusanya za kuwashia makaa. Mama Agnès alibeba sufuria kichwani. Angeweza kubaki, walimwambia hivyo. Aliwajibu kwa Kisanga, maneno ambayo hakuna kijana kati yao aliyetaka kuyarudia, akamfuata mume wake.

Watu wa Kasai walikaa gare, kwenye stesheni, kwa miezi wakingoja treni, chini ya mapaa ya mahema na magunia, na mvua iliwakuta hapo. Nilikwenda mara moja, mwezi wa kumi, na chakula ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa. Niliwakuta kati ya njia mbili za reli. Mama Agnès alipokea sufuria, akasema asante kama anavyoambiwa mtu wa kupita, akampa Béa. Papa Ntumba alikuwa amekonda, lakini shati lake lilikuwa limekunjwa vizuri na penseli zilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na maneno yangu yote yalikuwa ya kujibu hasira.

"Niliona kazi yako," akasema. "Herufi ziko sawa. A zote tatu ziko na daraja."

Nikasema, "Papa, minye..."

"Kwetu njo uliacha hewa mingi sana."

Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Alikuwa anasahihisha. Nilirudi nyumbani kwa miguu bila sufuria. Treni yao iliondoka kabla ya Krismasi. Nimesikia kwamba ilichukua siku nyingi sana, na kwamba wengine hawakufika. Wao walifika. Deo alifunga sebule mwaka uliofuata, televisheni ilipoungua. Mimi nilikwenda Lubumbashi, nikajifunza usiku na mchana kile ambacho kilikuwa kimebaki kujifunza, na watu hunisifu kwamba skrini zangu hazimchanganyi mtu. Ninaposikia hivyo najibu asante na kubadilisha mazungumzo.

Wiki ileile ya msiba Béa alinipigia. Sikuitambua sauti yake, ni mama wa watoto wanne sasa. Tulizungumza juu ya ugonjwa wa baba yake, juu ya mazishi, juu ya mama yake aliyetangulia zamani. Kisha akasema kwamba kwao, kila nilipotajwa, baba yake alijibu jambo moja tu: Mado rangi ilimuishia. Watoto walikua wakilisikia hivyo.

Nilikuwa nimesimama. Nilikaa chini.

"Béa, rangi haikuisha. Kopo ilikuwa nusu."

Nyuma yake nilisikia watu wa msibani wakipanga viti.

"Minye nilijua," akasema. "Nilikuwa mu dirisha. Ulikuwa unaibeba na mikono mbili."

"Na Papa?"

"Ni yeye alikupatia ile kopo, dada Mado. Alijua kwenye rangi ilifika."

Nilitaka kuomba msamaha, lakini yeye hakuwa amepiga kwa ajili hiyo, na sauti yake ilinionyesha kwamba ningemtwisha mzigo mwingine siku ya msiba. Aliuliza swali moja tu: kama yale maandiko ya milangoni bado yapo. Nilikuwa nimepita kwenye avenue hiyo mwaka jana, nikatembea kutoka mwanzo hadi mwisho na kuhesabu. Nikamweleza kwamba milango mingi imebadilishwa, mingine imepakwa rangi juu. Iliyobaki ni mitatu, na hiyo inasomeka vizuri, hata ukiwa ng'ambo ya barabara.